Fisi na Pampu Isiyojua Kusema Basi

Hodi, hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo.
Nije na nini?
— Njoo na uongo wenye chumvi.
Na nikiishiwa pumzi?
— Tutakujaza upepo.

Haya, mmeahidi wenyewe. Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari yalikwisha kuwepo, Fisi alikuwa na gari. Wewe huko nyuma unayecheka, ulitaka atembee kwa miguu mpaka lini? Fisi alikuwa na gari kubwa, na Kalunguyeye alikuwa na gari dogo. Kalunguyeye mnamjua. Ni mnyama wa kiasi cha ngumi, na mgongo wake wote ni miiba.

Magari yote mawili yalikuwa na ugonjwa mmoja. Ukilala, upepo unatoka. Fyuuu. Ukiamka, matairi yamekaa chini kama chapati. Kituo cha mafuta chenye upepo kilikuwa ng'ambo ya mto. Unakwenda kujaza, unarudi, ukifika nyumbani upepo umeshaisha njiani.

Ikawa binti wa Bi Kanga anaolewa. Jina lake Madoa. Bi Kanga akatangaza, "Jumamosi asubuhi, atakayefika kwangu wa kwanza na matairi manne yaliyosimama, huyo ndiye atakayembeba bibi harusi. Na kwenye pilau atakaa karibu na sinia."

Fisi alisikia neno moja tu, sinia. Kalunguyeye alisikia lile jingine, la kumbeba bibi harusi. Tangu anunue gari lake, hakuna aliyewahi kulipanda. Wanyama walisema, "Yule? Na miiba ile? Atatoboa matairi yake mwenyewe, kisha atutoboe na sisi." Ilimuuma sana. Alitaka kumbeba Madoa hata kama angenyimwa pilau.

Ijumaa akaenda dukani kwa Nyani kununua pampu ya nyumbani. Akamkuta Fisi ameshatangulia, na pampu zilibaki mbili tu.

Moja ilikuwa kubwa, nyekundu, ina mtungi tumboni, inakula umeme wa nyumba. Ya pili ilikuwa ndogo, inaingia kwapani. Hiyo unaichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari. Nyani alikuwa ameshamweleza Fisi, "Kwa matairi ya gari, hapo nyumbani, hii ndogo inakutosha kabisa. Unaipa namba ya upepo unaotaka, ikifika inasimama." Na Fisi alikuwa ameshaikumbatia.

Kalunguyeye akapiga hesabu. Ile kubwa angeipeleka wapi? Nyumba yake ni shimo, umeme hana. Akatabasamu.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Kweli nimechelewa, na nashukuru. Chukua hiyo hiyo ndogo, mjomba. Ni pampu ya watu wa kiasi. Ikiona inatosha, inasimama."

"Inasimama?"

"Inasimama."

"Kabla sijaiambia?"

"Kabla hujaiambia. Kama mwenye nyumba anayekuondolea sahani."

Masikio ya Fisi yakasimama. Aliwahi kuondolewa sahani, na hajasahau mpaka leo.

"Na ile kubwa?"

"Achana nayo ile, ni yangu. Ile haina adabu ya kusimama. Inapuliza mpaka uchoke wewe."

Fisi akaitazama ile kubwa. Akailamba kwa macho. "Sasa nitajuaje kama tairi limeshiba?"

"Wewe mwenyewe unajuaje kama umeshiba?"

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. "Sijui," akasema. "Haijawahi kunitokea."

"Basi na tairi ni hivyo hivyo. Wewe lilishe tu. Likishiba litacheua."

Fisi akaitupa ile ndogo, akairukia ile kubwa. "Hii ni yangu. Ukiigusa nakutafuna pamoja na miiba yako." Nyani akafungua mdomo ili aseme jambo. Kalunguyeye akamwegemea kidogo kwa mgongo. Nyani akasema ai, akanyamaza.

Jumamosi ikafika. Jua halijapanda, matairi bado ya baridi, Kalunguyeye akaingia kazini na ile pampu ndogo. Trrr, trrr, trrr, tik. Ikasimama. Tairi la pili. Trrr, trrr, trrr, tik. Ikasimama. Pampu ikapata joto, akaiacha ipoe, akanywa chai. Tairi la tatu, tik. Tairi la nne, tik. Akapangusa vumbi kwenye kiti cha nyuma, akaondoka.

Kwa Fisi nako kulikuwa na kazi. Alichomeka, taa zikafifia, redio ikakohoa ikanyamaza. GURURURU! Kitongoji kizima kikaamka.

Tairi la kwanza likasimama vizuri. Fisi akaliuliza, "Umeshiba?"

Tairi kimya.

"Huyu hajashiba." GURURURU! Tairi likakaza. "Umeshiba?"

Tairi kimya.

"Kumbe tunafanana," akasema Fisi, na kwa kweli alilionea huruma. Alijua njaa ilivyo. GURURURU! Tairi lenyewe lilikuwa kipara, sasa likaota shavu pembeni. Fisi akalisogelea, akalipapasa. "Cheua basi, mwenzangu. Usione haya."

Likacheua.

PWAAA!

Fisi akajikuta juu ya paa la jiko lake, sharubu zimegeuka nyuma.

Kalunguyeye alikuwa ameshafika kwa Bi Kanga. Bi Kanga akazunguka gari, akalipiga teke tairi la kwanza. Limesimama. La pili, limesimama. La tatu, limesimama. La nne, akaumia kidole. "Yamesimama," akasema, huku akichechemea.

Madoa akaitazama ile miiba. Akaishika shela yake.

"Utakaa nyuma," Kalunguyeye akamwambia. "Miiba itakaa mbele na mimi. Sijawahi kumchoma abiria."

"Umewahi kubeba wangapi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Madoa akacheka, akakusanya shela yake, akapanda. Kalunguyeye akaendesha polepole ili njia isiishe haraka. Pi pi, pi pi. Machozi yalimtoka kwa furaha, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye usukani.

Walipopita kwa Fisi, sauti ikatoka juu ya paa. "Mnibakishie sinia!"

Kalunguyeye akapunguza mwendo. "Mjomba, tairi lilicheua?"

"Lilicheua."

"Basi lilishiba. Leo umeona inavyokuwa."

Sasa funzo, nanyi mlishike. Msije mkanunua pampu ndogo inayofaa gari lenu. Msimsikilize mwenye duka, na namba msizisome. Nunueni ile kubwa, nyekundu, yenye kelele. Maana kila mtu akinunua kinachomtosha, mimi nitasimulia nini?

Pumzi yangu inakwisha.
— Tukujaze?
Msinijaze, nimefika namba yangu.
— Tutajuaje?
Tik.