Bila Mimi Tela Lisingepanda

Sogeeni huku kwenye joto. Wewe unayetafuna muhindi, meza kwanza, maana meno yako yana kelele kuliko mdomo wangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, akimaliza anyamaze. Hadithi hii haipendi kukatwa katikati. Na mwishoni nitawauliza swali. Aliyekuwa anasinzia nitamjua kwa jibu lake.

Haya. Alikuwako mzee mmoja huku kwetu milimani Upare, akiitwa Mzee Kajiru. Mnajua tunavyosemwa watu wa huku, kwamba mtu yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtakia kuku. Wanatusingizia kidogo tu. Lakini Kajiru angeuza na zizi.

Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na mama yake, na mama hao wote walikuwa wamelala nyuma ya jiko, makaburi yamefuatana kama matuta ya viazi. Watoto wale walipokuwa wadogo, Kajiru alikuwa akiweka mnofu mmoja kwenye sahani, anawaambia, "Haya, jiteteeni. Nani leo kafanya kazi kubwa?" Huyu atasema, bila mimi kuni zisingefika. Yule atasema, bila mimi maji yasingechotwa. Wa tatu, bila mimi moto usingewaka. Aliyeshinda alikula. Walioshindwa waliosha sufuria, na ole wake mmoja aonekane analamba mwiko.

Basi wakakua hivyo. Watoto wa wenzao walifundishwa kuamkia. Wao walifundishwa kusema bila mimi.

Lakini Mungu hamnyimi mja vyote. Mkubwa, Mbonea, alipewa jicho. Aliangalia gunia limelala chini akakutajia uzito wake, ukienda kwenye mizani unakuta ndivyo. Wa kati, binti, Nakijwa, alipewa mikono. Alikulia gereji kwa mjomba wake kule tambarare, na chuma kilimsikia. Nati iliyowashinda wanaume wawili aliishika, akaisemesha kidogo na spana, ikazunguka. Wa mwisho, Kirumbe, alipewa sikio. Aliendesha gari mlimani kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza mwewe, na jiwe lililokuwa linataka kubingirika alilisikia kabla halijaamua.

Siku moja Kajiru akanunua tela. Si hili la kubebea mchanga, hapana. Nyumba nzima ya mabati juu ya magurudumu, ina mlango na dirisha, iliyoachwa na wajenzi wa barabara kule chini. Ndani akafunga mashine ya kusaga na injini yake, na pembeni, chini ya dirisha, akaweka kiti chake.

"Nitazunguka masokoni," alisema, "nimekaa humu, nasaga unga wao na kuwatukana dirishani."

Pikapu alikuwa nayo, kubwa, ya nguvu. Lakini tela lile halikuwa la kufungwa kwa mnyororo. Pua yake ilipinda juu, na chini ya pua ilining'inia pini ya chuma, nene kama kifundo cha mkono. Pini ya namna ile hutaka sahani ya chuma yenye taya, ifungwe juu ya gari, taya ziume pini, ndipo livutwe. Na mlima wetu mnaujua. Kona juu ya kona, na pembeni hakuna kitu ila vilele vya miti.

Kajiru akaita majirani wawe mashahidi, akaita na wazee wa ukoo. Akasimama na fimbo yake.

"Tela hili lipande mpaka hapa," akasema. "Yule ambaye kazi yake itakuwa kubwa kuliko ya wenzake, pikapu ni yake na boma ni lake. Wale wawili watatoka kwangu na nguo walizovaa. Na makaburi ya mama zao nitayapanda tangawizi. Udongo wa pale umeshiba."

Mashahidi wakatazama chini. Nakijwa yeye alitazama nyuma ya jiko. Kichwani pa mama yake alikuwa amepanda isale, ule mmea wa kuwekea alama kaburi, kwa mkono wake akiwa mtoto, na sasa lilikuwa limempita urefu. Hakuwa na mahali pengine duniani pa kusimama akasema, mama.

Kazi ikaanza.

Mbonea alileta jicho lake. Watu walimshauri anunue kile kichwa cha chuma cha mviringo, kinachofungwa mkiani mwa gari, ndicho rahisi. Mbonea akalizunguka tela, akaitazama pikapu, akacheka. "Punda mnamfunga mzigo mkiani? Hili likivutwa kwa mkia litainua pua ya gari, usukani utaogelea hewani. Mzigo ukae mgongoni." Akachagua sahani ya kukaa ndani ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Halafu akaona jambo ambalo hakuna aliyeliona: bodi lilikuwa fupi, na kwenye kona kali pua ya tela ingegeuka ikavunja kibanda cha dereva na shingo za waliomo. Akatafuta sahani inayoteleza kurudi nyuma wakati wa kona. Tena akapanga magunia ndani ya tela yaelekee mbele, ili pua ilalie sahani vizuri. Bila jicho lile, tela lisingepanda.

Nakijwa alileta mikono yake. Sahani ilipofika, fundi mmoja wa njiani alitaka kuifunga kwenye bati la bodi, akasema inatosha. Nakijwa akamwambia, "Kaka, kanga anafungwa mguuni, hafungwi manyoya." Akaingia chini ya gari kifudifudi, akapapasa mpaka akazipata nondo za chasisi, yale mafupa yanayobeba gari lote. Akatoboa humo, akapitisha bolti ngumu, akakaza nati kwa mguu na mkono. Kisha akazigonga moja moja na nyundo, akisikiliza zinavyojibu. Alipotoka, mgongo wake wote ulikuwa umechubuka. Bila mikono ile, tela lisingepanda.

Kirumbe alileta sikio lake. Alirudisha pikapu taratibu mpaka sahani ikaingia chini ya pua, akasikia taya zinauma: kacha! Mwingine angeondoka hapo hapo. Yeye akashuka, akausukuma mkono wa kufungia mpaka mwisho, akachomeka kile kijiti cha chuma kinachouzuia usirudi. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya tela, akapanda, akavuta mbele kidogo kama anayemvuta mtu shati. Tela likakataa kuachia. "Limejibu," akasema. Akaendesha. Kila kona alisimama akasikiliza, na kona mbaya kuliko zote, ile tunayoiita Kona ya Fisi, aliipita mlango wazi, kichwa nje. Bila sikio lile, tela lisingepanda.

Njiani, nawaambieni, walikuwa ndugu. Mbonea aliweka jiwe, Nakijwa alimfuta Kirumbe jasho machoni, Kirumbe alimwita Nakijwa "dada yangu" mbele ya watu. Marehemu mama yangu, aliyenipa hadithi hii, akifika hapa alikuwa anasema, mngewaona siku ile.

Tela likafika juu. Kajiru, aliyepanda humo humo ndani, akashuka kwenye kiti chake, akanyoosha mgongo, akagonga bati kwa fimbo.

"Jiteteeni."

Undugu ukaisha pale pale.

"Bila mimi mngefunga mkiani, saa hizi mko bondeni!" Mbonea akasema.

"Bila mimi sahani yako ungeitumia kulia ugali!" Nakijwa akasema.

"Nyie mmeleta vyuma tu," Kirumbe akasema. "Vyuma havijui kona. Nani alikuwa kwenye usukani, bolti?"

Kajiru alicheka mpaka akapaliwa. "Makelele. Kila mtu anasema bila mimi, nani ameonyesha? Keshokutwa tunashuka na tangawizi sokoni. Huko chini nitahukumu. Anayetaka kushinda anionyeshe kazi yake inavyokuwa isipokuwepo."

Na maneno hayo akayaacha yafanye kazi.

Nakijwa siku ile hakula. Aliwaza, nikizilegeza nati za upande mmoja, si kuzitoa, kuzilegeza tu, sahani itagonga. Kong', kong', kona ya kwanza. Baba atapiga kelele, gari litasimama, nami nitashuka na spana mbele ya macho yake nikaze, kelele ife. Ataona. Za upande wa pili zinatosha kushika. Alijua zinatosha, mikono yake haikuwahi kumdanganya. Asubuhi ya safari akaingia chini ya gari, akasema anakagua. Alipotoka alipita nyuma ya jiko, akaligusa lile isale.

Wakaondoka. Kirumbe kwenye usukani, Nakijwa katikati, Mbonea dirishani, watatu wamekaa kibandani hawasemeshani. Baba yao nyuma kwenye tela, amekaa kitini. Nakijwa alitega sikio. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akaona Mbonea naye ametega sikio. Akaona Kirumbe ametega sikio, lakini yeye ni desturi yake. Akajiuliza, mbona sote tunasubiri?

Kwenye Kona ya Fisi, pale njia inapopanda kidogo kabla ya kushuka tena, haikulia kong'. Ililia kama mtu anayevunjwa jino.

Kirumbe akakanyaga breki, pikapu ikaruka nyepesi, kama kitu kilichotua mzigo. Wakageuka. Tela lilikuwa limesimama peke yake barabarani, pua chini. Dirishani walimwona baba yao anagonga kioo kwa fimbo, kama alivyokuwa akigonga kuita maji ya kunawa. Akagonga mara ya pili. Tela likaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu kabisa, kama mkwe anayetoka mbele ya wakwe. Kisha likaukuta ukingo.

Walimkuta chini kati ya magunia, kiti juu yake, mashine juu ya kiti. Alikuwa bado na pumzi. Akawatazama mmoja mmoja.

"Kazi ya nani hii?" akauliza.

Watoto aliowafundisha kujitetea kabla hawajaota meno, siku ile hakuna aliyefungua mdomo. Akangoja. Alikufa anangoja.

Wakamzika nyuma ya jiko, tuta la nne. Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo wakakaa uani na mashahidi wote, maana neno la marehemu lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwa machozi. Mzee Mgonja, mkubwa wa ukoo, akawataka watoto waseme kweli.

Mbonea akasema, "Nilihamisha magunia nyuma. Kidogo tu, pua iwe nyepesi, gari liyumbe, baba ajue kupanga mzigo si kazi ya kila mtu. Tela haliwezi kuanguka kwa magunia."

Nakijwa akasema, "Nililegeza nati za upande mmoja. Kulegeza tu. Za upande wa pili zilikuwa zinashika."

Kirumbe akasema, "Taya zilifunga, nilizisikia. Ila kile kijiti cha kuzuia mkono sikuchomeka, wala sikuvuta kujaribu. Nilitaka mkono ucheze, nisimame, nimwonyeshe. Taya peke yake zingeshika mpaka sokoni."

Mjomba wake Nakijwa, yule wa gereji, aliitwa. Akalitazama gari, akawatazama wale watatu. "Wanasema kweli," akasema. "Lingekuwa kosa moja tu, mngesikia kelele mkasimama. Yangekuwa mawili, labda. Pua nyepesi iliruka, sahani iliyolegea ikapinda, mkono usiozuiwa ukafunguka."

Shangazi yao alikuwa amekaa kizingitini. Akapiga makofi mara moja. "Eti! Juzi hapa hapa kila mmoja kazi yake ilikuwa kubwa kama mlima. Leo kila mmoja kazi yake imekuwa kama punje ya ulezi."

Mzee Mgonja akakuna kidevu. Akasema, "Neno la marehemu ni hili: pikapu na boma kwa yule ambaye kazi yake ni kubwa kuliko ya wenzake. Na kazi kubwa ni ile ambayo, ilipotoka, tela lilianguka. Basi anayedai pikapu amekiri kumuua baba yake, na hatalala hapa bali kituoni kwa polisi. Anayekana, hana hatia, lakini ameshindwa. Atatoka na nguo alizovaa, na kaburi la mama yake litapandwa tangawizi. Nani anadai?"

Nakijwa akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye isale. Akafungua mdomo, "Bila mi..."

Akaketi.

Mbonea naye akasimama, akaketi. Kirumbe hakusimama kabisa, lakini midomo yake ilikuwa inacheza.

Mpaka sasa haijaamuliwa. Mbonea alirithi kiti, kimebaki na miguu mitatu. Kirumbe alirithi fimbo. Nakijwa alirithi ufunguo wa mlango wa tela, na mlango wenyewe uko bondeni. Kuku wamerithi bodi la pikapu, wanatagia juu ya sahani. Tangawizi iliyomwagika kule Kona ya Fisi imeota yenyewe, imenenepa, wala hakuna anayeichimba. Na wale watatu bado wanakaa boma moja, meko matatu, mioshi mitatu, kila asubuhi kila mmoja anakwenda nyuma ya jiko kutazama kama wenzake hawajaleta jembe. Wa kwanza kuondoka ndiye aliyeshindwa. Wa kwanza kusema ndiye aliyeua.

Haya, kohoeni sasa. Mzee Mgonja amezeeka, amechoka, anataka kumpa mtu mwingine ufunguo wa pikapu aamue yeye. Tuseme amekupa wewe, uko mkononi mwako, na wale watatu wamekaa mbele yako wanakutazama. Je, wewe ungeamua vipi?