Kakakuona Chini ya Tenga

Paukwa!

— Pakawa!

Kuna jambo moja limenishinda, nawaambia mapema msije mkaniuliza mwishoni. Sijui kakakuona angechagua nini. Nimeisikia ngano hii kwa wengi, nimewauliza wote, hakuna anayejua.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vumbi na miiba, paliishi msusi wa matenga aliyeitwa Nyamizi. Mwaka huo mvua ilichelewa. Kila nyumba ilibakiwa na mbegu za kupanda mara moja tu. Wakipanda na mvua isije, wamekwisha. Wasipopanda na mvua ikaja, wamekwisha.

Asubuhi moja Nyamizi alikwenda kukata fito. Kando ya kichuguu akamkuta mtoto wa kakakuona, magamba bado laini, mguu umenaswa katika tanzi la waya.

— Na mama yake?

Hakuonekana, mjukuu wangu Kabula. Nyamizi alingoja, akangoja, hakuonekana.

Akaukata waya pale ulipofungwa mtini, ila kipande kilichozama mguuni hakukigusa. Akambeba kwa shuka, akamweka penye giza nyumbani, akamfunika kwa tenga. Kisha akamwita ndege Hondohondo aliyekaa juu ya paa.

"Ndugu yangu, vuka vilima, umwite Bibi Kalunde, mjuzi wa wanyama wa porini."

"Ko! Ko! Nakwenda!"

Ndipo Tenga likaanza kuimba:

*Giza kidogo, kimya kidogo,*
*mkono usimguse,*
*mjuzi yu njiani.*

Sasa, mnaijua desturi. Kakakuona, ambaye wazee husema hushuka mbinguni, akionekana, huwekewa mtama, maji na mkuki. Akiufuata mtama, ni shibe. Akiyafuata maji, ni mvua. Akiufuata mkuki...

— Vita!

Vita. Na habari haikai ndani ya nyumba. Jua halijapanda, Mama Sitta kafika na ungo wa mtama.

"Hodi! Nyamizi, umepata mgeni wa mbinguni ukamfunika kama kuku?"

"Ni mgonjwa, dada."

"Mgonjwa hali? Nyumba gani hii, mgeni analala njaa?"

Mtama ukalia ndani ya ungo, "Nisogeze! Nisogeze!" Tenga likaimba:

*Giza kidogo, kimya kidogo,*
*mkono usimguse,*
*mjuzi yu njiani.*

Mama Sitta akaondoka akinung'unika. Alikuwa na watoto saba, mimi simlaumu.

Adhuhuri joto likapanda. Mtungi wa Nyamizi mwenyewe ukasema, "Nyamizi, kiu ni kiu. Nisogeze."

Naye Nyamizi alikuwa na kibaba kimoja cha mbegu uvunguni. Akajiambia anamhurumia mtoto. Labda kweli. Labda alitaka kuona tu. Akainua tenga, akasogeza maji, mkono wake ukamgusa. Kakakuona akajikunja fundo, akajibana, waya ukazama, damu ikachuruzika.

— Alikunywa?

Hakunywa. Nyamizi akashusha tenga, akakaa mlangoni na mikono yake kaikalia. Tenga halikumkaripia. Likaimba tu, wimbo ule ule.

Alasiri akaja Mtemi mwenyewe, watu wote nyuma yake, mkuki mkononi unanguruma, "Mtoe! Mtoe! Mtoe!"

"Nyamizi," Mtemi akasema, "watu wanataka kujua. Tupande au tusipande?"

"Mtemi wangu, hata mimi nataka kujua. Nimejaribu leo hii." Akamwonesha damu kidoleni. "Huyu akisogea, anakimbia maumivu. Hajachagua kitu. Tutalima kwa kufuata maumivu ya mtoto?"

"Mtoe!" mkuki ukasema.

Mtemi akautazama, akaulaza chini, akakaa. Watu wakakaa. Wakaimba na Tenga, kwa kunong'ona. Imbeni nanyi, polepole:

— *Giza kidogo, kimya kidogo, mkono usimguse, mjuzi yu njiani.*

Kesho yake, jua likiwa utosini, Hondohondo akatua. "Ko!" Nyuma yake Bibi Kalunde, vumbi mpaka magotini. Akainama penye tenga, akasikiliza kwanza.

"Nani kamlisha?"

"Hakuna."

"Maji je?"

"Nilijaribu mimi," Nyamizi akasema.

Kalunde akamwambia, "Ukaacha. Ndiyo maana yu hai."

Kabla Kalunde hajaondoka na mtoto yule kwenda kumtibu, Mtemi akaketi na watu wake, wakaamua. Mnyama wa porini akiumia, afunikwe, aachwe kimya, aitwe mjuzi. Huruma isiyojua na ikae kitako, imngoje ajuaye. Mbegu zigawanywe, nusu ardhini, nusu chunguni. Na kakakuona akipona arudishwe kichuguuni kwake, asiulizwe neno.

— Na mvua?

Ilinyesha ilipotaka.

Mwezi ulipokwisha, mguu umepona, aliyemrudisha ni Nyamizi, ndani ya tenga lile lile. Pale kichuguuni hapakuwa na mtama, wala maji, wala mkuki. Akalifungua tenga, akageuka, akampa mgongo, asije akaona anaelekea wapi.

Hapo ndipo ngano yangu ilipomwacha, nami nikarudi nyumbani.