Mfiwa Haulizwi

Mtu mmoja alikuwa na kinu cha upepo, na kinu hicho kilikuwa cha katikati. Jina lake Teunis. Aliishi Uholanzi, katika kijiji kidogo kilicholala chini kuliko mto wake, mahali ambapo samaki akitaka kumtazama binadamu inambidi ainamishe macho. Mungu aliwapa watu wa pale maji. Nchi kavu walijitengenezea wenyewe, na kazi hiyo hadi leo hawajaimaliza.

Vinu vya huko havikusaga hata punje moja. Vilikuwa vya kuinua maji. Vilikuwa vitatu, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Cha chini kabisa kilikuwa cha Harmen, kwenye mashamba yaliyozama kuliko yote. Gurudumu lake la mbao lilichota maji ya mvua mitaroni na kuyapandisha kimo cha mtu mmoja, hadi kwenye mfereji wa Teunis. Teunis aliyapokea na kuyapandisha tena, hadi kwenye mfereji wa Wessel. Na Wessel, mzee wa kinu cha juu, akayamwaga mtoni, yaende zake baharini. Basi mvua iliyomnyeshea Harmen ilipita mikononi mwa watu watatu. Mmoja akisimamisha kinu, aliye chini yake hana pa kupeleka maji. Akiyapandisha kwa nguvu, yatafurika ua wa mwenzake wa juu na kuingia jikoni bila kupiga hodi.

Watu wale si wasemaji. Mtu anaweza kukaa nao jioni nzima akaondoka na maneno sita, na mawili kati ya hayo yakawa ni kuhusu mvua. Kwa hiyo walivifundisha vinu vyao kusema. Kulipokuwa na harusi, mwenye kinu aliyasimamisha mabawa pale ambapo lile la juu limekaribia kilele lakini halijafika: furaha inakuja. Kulipokuwa na kifo, aliyasimamisha pale ambapo bawa la juu limekwisha kuvuka kilele na kuanza kushuka: mtu ametutoka. Hata aliye upande wa pili wa malisho, akiwa na ng'ombe wake kwenye ukungu, aliinua macho, akaona, akavua kofia. Na pale mabawa yalipoombolezea, palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mfiwa haulizwi. Hakuna wa kumwambia, ndugu, utakizungusha lini kinu chako. Upepo uvume usivume, mfiwa anaachwa na wafu wake.

Sasa, Teunis alikuwa na kidonda. Mwezi wa tisa, kijiji kizima kilipotoka kuzibua mitaro kama ilivyokuwa kila mwaka, Harmen alisimama ndani ya tope hadi mapajani, koleo mkononi, akataka kuwachekesha watu. Harmen alikuwa hivyo. Utani ulimtoka kama jasho. Akasema, "Teunis, mwenzetu, wewe ni ngazi tu. Maji yanakukanyaga yakienda zake, wala hayasemi asante." Wanaume walicheka hata mmoja akapoteza kiatu chake cha mbao topeni. Teunis naye alicheka, kicheko cha mtu aliyeumwa na nyuki kanisani. Kwa mwezi mzima wakamwita Ngazi. "Ngazi, habari za asubuhi!" "Ngazi, sogea tupite!" Harmen alisahau siku ile ile. Teunis hakusahau, na hakusema. Sisi watu wazima tukikosewa hatupigi kelele. Tunanuna kwa adabu, na adabu hiyo tunaiita subira.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Teunis, bibi Aaltje, akafariki. Alikuwa mzee, alikwenda kwa utulivu, na mwanawe alimpenda. Teunis alivuta kamba ya breki, akayasimamisha mabawa katika maombolezo, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Wessel naye akasimamisha chake. Harmen akasimamisha chake. Jumanne wakamzika. Jumatano, kama desturi, Wessel alikifungulia kinu chake upepo, na Harmen pia, maana mvua ilikuwa haijakatika kwa siku tano.

Teunis akaenda kwenye kamba, akaishika. Akatazama chini, kwenye kinu cha Harmen kilichokuwa kikizunguka kwa furaha, kikimletea maji. Akaliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miaka yote ya kazi yake: kwamba ngazi ikiondoka, aliye chini hapandi. Akaiachia kamba, akarudi ndani, akakaa.

Hakukusudia mabaya makubwa. Hili lisemwe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo inavyokuwa. Alitaka siku mbili tu. Alitaka Harmen apande kwenye tuta, kofia mkononi, amwombe. Aseme, "Jirani, nilikukosea." Basi. Kinu kingezunguka kabla mtu hajamaliza neno la mwisho.

Na Harmen alikuja. Alikuja siku ya tatu na jibini zima chini ya kwapa. Mfereji wa Teunis ulikuwa umekwisha kujaa hadi kwenye alama ya chuma ya mwisho wa maji, na Harmen alikuwa ameliona hilo alipopita. Alilitazama bawa linaloshuka. Akasema, "Pole, jirani. Mama alikuwa mtu." Akaliweka jibini mezani, akasimama kidogo, akaondoka. Teunis alimtazama kutoka dirishani akirudi kwenye mvua, akasema moyoni: kiburi hicho. Anajua anachokihitaji na hasemi.

Wessel naye alikuja. Aliwasha kiko, akazungumza habari za goti lake, habari za bei ya siagi, habari za mchungaji mpya ambaye mahubiri yake, alisema, ni marefu kuliko uzima wa milele. Mara mbili alitupa jicho kwenye kamba ya breki. Mara mbili akavuta kiko. Kisha akaaga. Mfiwa haulizwi.

Aliyeuliza ni mke wake Grietje, siku ya nane, akimenya viazi.

"Mama tulimzika Jumanne ya wiki iliyopita. Unamlilia nani?"

"Msiba hauna kalenda," Teunis akajibu.

"Hauna. Lakini maji yanayo."

Grietje akachukua kiazi kingine. Alikuwa amekwisha kujua, mke anajua. Lakini mke hamvui mumewe nguo barabarani, hivyo hakumwambia mtu. Aliendelea kumenya, maganda yakawa manene kuliko kawaida.

Huko chini Harmen alikuwa ameacha kupandisha maji tangu siku ya tatu. Hakuna aliyemwamuru. Kinu chake kilikuwa na upepo mzuri wa kusini-magharibi, wa kumtosha kila mtu, na mabawa yakiachiliwa yangekwenda yenyewe. Lakini kila tone ambalo angelipandisha lingeingia katika nyumba yenye msiba. Basi alikaa na maji yake. Yalifunika malisho kwanza, yakabaki manyasi marefu yakipepea juu ya maji kama nywele za mtu anayezama. Yakafika kwenye viazi vilivyokuwa bado ardhini. Ng'ombe wawili aliwavusha kwenye tuta. Wa tatu alivunjika mguu mtaroni. Kisha maji yakaja kwenye kizingiti cha kinu, kwa maana watu wale waliishi ndani ya vinu vyao, chini ya mabawa, na sakafu ikaanza kulia chini ya miguu. Neeltje, mke wa Harmen, alikuwa amejifungua wiki tatu kabla. Alilala na mtoto katika kitanda kilichojengwa ukutani kama kabati, na ukuta ule ulikuwa ukitoka jasho.

"Nenda ukamwambie," Neeltje alisema.

"Kesho," Harmen alisema. "Labda kesho atakuwa amepata nafuu."

Siku ya kumi na moja asubuhi, Teunis alichungulia kupitia dirisha linalotazama bondeni na kuona kitu kilichoupandisha moto usoni mwake. Kinu cha Harmen kilikuwa kimewekwa vile vile. Bawa la juu limevuka kilele, linashuka. Maombolezo.

"Ananiiga!" alimwambia Grietje. "Ona! Ananifanyia mzaha na mama yangu kaburini. Yule hawezi kukaa siku moja bila kuchekesha watu." Akatembea chumba kizima, kutoka ukuta hadi ukuta, na hasira iliyokuwa imeanza kumchosha ikapata miguu mipya. Alikuwa karibu kuigusa kamba asubuhi ile; Mungu anajua alikuwa karibu. Sasa aliapa kwamba kinu hakitazunguka hadi baada ya Krismasi.

Ndivyo inavyompata mtu aliyesema uongo kwa ishara takatifu: hapotezi tu haki ya kuisema, anapoteza na macho ya kuisoma.

Grietje alivaa shali, akachukua mkate, akashuka kwa njia ya tuta. Alikaa huko hadi adhuhuri. Aliporudi, mkate alikuwa nao bado, umelowa, kwa kuwa hakukumbuka kuutoa. Alisimama mlangoni na maji yakimchuruzika.

"Ni mtoto," alisema. "Kifua. Wanamzika kesho, ila hawajui watamzika wapi. Kwao hakuna ardhi."

Teunis alikwenda kwenye kamba. Hakuchukua kofia, hakuchukua koti. Alifungua breki, mabawa yakaanza kwenda, na yalikwenda siku nne bila kupumzika hata chuma kikanukia moto na mikono yake ikachubuka kwa kugeuza kichwa cha kinu kuufuata upepo. Mfereji wake ulishuka. Ulishuka hadi chini ya alama, ulishuka hadi tope likaonekana. Alikuwa ametengeneza nafasi ya maji ya Harmen yote, na zaidi. Aliitazama nafasi ile na hakuna kilichokuja kuijaza. Kinu cha chini kilikuwa kimeinama. Nguzo zake zilikuwa zimezama upande mmoja katika udongo uliolowa, na gurudumu lilikuwa limekwama kwenye matope hadi nusu. Hakikuweza tena kuinua hata ndoo. Mafundi walikuja, wakatazama, wakatikisa vichwa: si kabla ya majira ya joto, na majira ya joto mashamba yale yatakuwa ziwa.

Siku ya tano mashua pana ilipita kwenye mfereji ikivutwa kwa kamba na farasi. Ndani yake kulikuwa na meza iliyopinduliwa, magodoro, kuku katika kikapu, na Neeltje aliyekaa amekipa kinu mgongo. Harmen alikuwa akitembea kwenye tuta kando ya farasi. Walikuwa wanahamia mjini, kwa dada yake, ambako wanatengeneza mishumaa na hakuna anayehitaji kujua maji yanaelekea wapi.

Teunis alishuka akasimama njiani. Siku zile nne alikuwa ametunga maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Harmen. Haukuwa msiba. Mama nilimlilia siku tatu. Zilizobaki zilikuwa hasira, kwa yale uliyonisema mtaroni."

Harmen alimzuia farasi. Alifikiri muda mrefu, na ilionekana wazi usoni mwake kwamba alikuwa akitafuta: mtaroni, mtaroni, nilisema nini mtaroni? Hakukipata. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kukitazama. Kisha akasema polepole, bila kupandisha sauti:

"Ungeniambia ni hasira, jirani, ningekupandishia maji hadi magotini, ukatoka na koleo, tukapigana, yakaisha. Hasira ningeiweza. Lakini niliambiwa ni msiba. Nani anapandisha maji juu ya msiba?"

Harmen alingoja kidogo, kwa adabu, kana kwamba huenda jibu lingekuja. Halafu akamgusa farasi begani, kamba ikakaza, mashua ikaondoka. Hawakuonana tena.

Tangu mwaka ule mashamba ya chini ni ziwa. Bata wanalipenda. Wageni wanaopita husimama wakasema, ni pazuri kweli, na ni pazuri. Usiku wa tufani mawimbi yake hupiga tuta la Teunis, ambaye sasa ndiye wa chini, na kila mwaka hung'oa kipande. Mabawa yake huzunguka. Hajayasimamisha tena, hata kwa harusi, hata kwa msiba, na wenyeji wakimwona anavyohangaika kwenye upepo husema ni mtu mwenye bidii.

Basi, ndugu zangu, nendeni nyumbani, na kabla hamjalala kila mmoja ajiulize: ni nani huko chini yangu anayezama sasa hivi, kimya kimya, kwa sababu tu ananiheshimu?