Kudra ya Haji Ghalibu

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Mzambarauni, jina lake Haji Ghalibu. Alikuwa na tasbihi ndefu, tumbo kubwa na ndege mbili. Barabara ya kwenda mji mkuu ilikuwa imechukuliwa na mafuriko, kwa hiyo mtu akitaka kusafiri alipanda ndege ya Haji, au alibaki kwake. Na Haji alikuwa na sheria zake. Abiria akichelewa, nauli imekwenda. Ndege isipoondoka, hiyo ni kudra ya Mungu, na nauli imekwenda vilevile. Hayo nayo hayakumtosha. Alitaka kila aliyefutiwa safari asimame mbele ya kaunta, apokee pipi moja ya mnanaa, aseme, "Nimeridhika na kudra ya Mungu," kisha akate tiketi nyingine.

Na watu walisema! Mwalimu mkuu alisema. Diwani alisema. Bwana harusi mmoja aliyekosa harusi yake mwenyewe alisema huku analia, pipi imemvimbisha shavu.

Asubuhi moja kipaza sauti kikatangaza: "Safari ya leo imefutwa kwa kudra ya Mungu." Watu wakachungulia nje. Anga safi, hakuna hata kiwingu. Rubani amekaa chini ya bawa la ndege yake anatafuna muhindi wa kuchoma. Ila siku hiyo abiria walikuwa wachache, na kila mtu alijua kwamba Haji hapendi kurusha viti vitupu.

Miongoni mwa abiria hao alikuwamo Mwanakombo, muuza bajia, na mwanawe Zuwena mgongoni. Mtoto alizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Daktari wa kuzinyoosha alikuwa mgeni, yupo mji mkuu mpaka kesho tu, kisha anarudi kwao mbali. Mwanakombo alikuwa ameuza karai lake na jiko lake ili wafike. Mali hakuwa nayo, lakini Mungu alimlipa fidia ya ulimi.

Mama mfagiaji alimwona amesimama na mtoto amelala, akavua kanga yake ya juu akaitandika kwenye benchi. "Mlaze hapa, mwanangu, mgongo upumzike." Binti wa kaunta, ambaye aliamriwa atoe pipi tu, akapenyeza chini chini kikombe cha uji aliojiletea mwenyewe. Kisha akanong'ona, "Dada, sema tu umeridhika, yaishe."

"Sijaridhika," akasema Mwanakombo, wala hakunong'ona.

Haji akatoka ofisini. "Nani huyo? Wewe mwanamke, pokea pipi yako utoke!"

"Haji, pipi hainyooshi mguu wa mtoto. Nirushe leo."

"Mungu amefuta safari. Unagombana na Mungu?"

"Na Mungu sina ugomvi. Tiketi sikukata kwake."

"Mmesikia? Kakufuru! Niitieni kadhi aje amtie adabu!"

Kadhi alikuwa Sheikh Tawakali, mzee aliyewasomesha nusu ya mji madrasa, na aliyekula biriani kwa Haji kila Ijumaa. Akaja anachokoa meno. Kiti hakikuwepo, akakaa juu ya mzani wa mizigo, mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Binti yangu," akasema, "ni kweli unakataa kudra?"

"Shikamoo, Sheikh. Sikatai. Nataka nifahamishwe tu, nisije nikaridhika na jambo ambalo Mungu hakulifanya. Niruhusu nimuulize Haji."

"Uliza."

"Haji, nani aliyefuta safari?"

"Mungu."

"Rubani hayumo?"

"Rubani ni mja tu!"

"Viti vitupu je?"

Haji akakohoa. "Mungu peke yake, nimesema!"

"Na wewe hukutia mkono?"

"Hata ukucha! Mimi nani hata nifute jambo?"

"Vizuri. Na nauli yangu iko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Halali yangu."

"Umenipeleka wapi hata ikawa halali yako?"

"Nitakupelekaje na Mungu kafuta?"

"Kwa hiyo Mungu akifuta, wewe unapata?"

"Ndiyo neema yake kwangu!"

"Na wiki iliyopita alipomfutia yule bwana harusi?"

"Nilipata pia. Wivu wa nini, mwanamke? Kila akifuta, napata. Ndivyo biashara yangu ilivyo!"

Ukumbi mzima ukaguna. Mama mfagiaji akaegemea ufagio wake asipitwe na neno. Hata rubani aliingia na muhindi wake.

Mwanakombo akamgeukia kadhi kwa adabu, magoti yameinama kidogo. "Sheikh, nilisoma kwako, lakini niliacha mapema, nikakaange bajia. Nikumbushe. Watu wawili wakiwa na biashara, mmoja anafanya kazi, mwenzake anakusanya pato, tunawaitaje?"

"Wa kazi na wa pato?" Kadhi akafurahi kuulizwa jambo jepesi. "Hao ni washirika, binti yangu. Washirika halisi."

Haji akaacha kuhesabu tasbihi.

"Ahsante, Sheikh. Basi Haji achague hapa hapa mbele yako. Ama safari kaifuta yeye mwenyewe, na rubani ateme huo muhindi atupeleke sasa hivi. Ama anayefuta ni Mungu na anayekusanya ni Haji, na wewe mwalimu wetu umwambie tena, maana naona siku ya somo hilo alikuwa safarini: Mwenyezi Mungu hana mshirika."