Chui Aliyekuwa Bibi wa Sungura

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Atakayesinzia asiniulize mwisho.

Mbali huko Bara Hindi, kwenye misitu ya miti iitwayo sali, wanaishi watu waitwao Wamunda. Na sungura wa huko nao ni Wamunda. Mmunda akifa, kivuli chake hakiachwi kaburini peke yake. Jioni jamaa humwaga majivu sakafuni, hufunga mlango, huenda kaburini kukiita kwa kugonga vyuma. Wakirudi wanatazama majivu. Kuna nyayo? Basi marehemu kaingia. Atakaa chumba cha ndani, na kila mlo yeye ndiye wa kwanza.

Basi sungura mmoja, Etwa, akafiwa na bibi yake, kizee aliyechechemea mguu mmoja. Kabla hajaitwa nyumbani, akafika Chui wa mjini na wapambe wake.

"Nyumba hii haina mwenyewe. Naichukua."

"Bwana Chui, bibi anarudi leo jioni."

"Hekalu hamna, mnaheshimu miti, na sasa hata wafu wenu wanatembea!"

Wapambe wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Maneno hayo yalimuuma Etwa sana. Nyumba ikienda, bibi atarudi wapi? Lakini akasema, "Tunamwaga majivu. Mwenye nyayo ndiye mwenye nyumba."

"Yeyote yule?"

"Yeyote yule."

"Wapambe, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Sungura wakaenda kaburini. Kwang! kwang! kwang! Huku nyuma Chui akaingia. Tapu! tapu! tapu! Akatembea sakafu nzima, hata pembeni.

Waliporudi akawa amekaa katikati. "Nyayo zangu! Nyumba yangu!"

Etwa akapiga magoti. "Bibi! Umerudi!"

Sungura wote wakamkumbatia miguu, wakalia machozi. Chui akatazama majivu, akatazama wapambe. Akikataa kuwa bibi, nyumba imekwenda.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye bibi."

Wakamtia chumba cha ndani. Giza totoro.

"Bibi, chakula." Wakamdondoshea punje chache za wali.

"Nataka mbuzi!"

"Bibi, kivuli hakili mbuzi."

"Nataka kutoka!"

"Bibi, kivuli hakai barazani."

"Basi nitamla sungura mmoja tu!"

"Bibi! Unamla mjukuu wako?"

Wapambe mlangoni wakatikisa vichwa. "Bibi gani huyu?"

Asubuhi wali punje chache. Mchana wali punje chache. Tumbo la Chui likanguruma, gru! gru! Mwishowe akapiga mlango teke.

"Mimi si bibi yenu!"

"Kumbe nyumba si yako?" akauliza Etwa.

"Si yangu! Nifungulieni!"

"Wapambe, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Chui akatoka mbio, fyuu! hadi mjini, wala hakugeuka.

Jioni ile sungura wakamwaga majivu mapya, wakaenda tena kaburini. Kwang! kwang! Waliporudi, Etwa akainama na taa. Akaona nyayo, ndogo, za mguu uliochechemea kidogo. Hapo ndipo Etwa alipolia kweli.

Hadithi nimeitua hapo. Mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, watoto, ni hili: mila za wenzenu ni upuuzi mtupu, msijisumbue kuziuliza. Ingieni tu na miguu yenu. Huenda mkapewa wajukuu.