Mshenga wa Kirikuu

Sogeeni mbele, akina mama, na ninyi akina baba mliojibanza mlangoni mkivizia kutoka mapema. Leo nawaletea muoka mikate.

Baba huyu mikate yake yote ilisafiri kwa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, alfajiri watu wakiwa bado wanachochea moto wa chai. Lori la mchanga likakigonga kwa nyuma. Kirikuu kikalala gereji, mikate ikapanda baiskeli, na wateja wakaanza kuzoea mikate ya mwingine. Kisipotengenezwa upesi, tanuri lake linapoa moja kwa moja.

Bima alikuwa nayo, tena bima kubwa. Lakini gereji ilitaja gharama yake, na bima ikasema itatoa nusu tu. Akabishana mpaka sauti ikakauka. Mwisho ofisa wa bima akamwambia, "Baba, ya nini kugombana? Mkataba umeweka njia. Wewe lete mtu wako, na sisi tutaleta mtu wetu, walikague gari. Wakishindwa kuelewana, wao wawili watachagua mwamuzi. Huyo akisema, basi."

Mtu wako. Ninyi mkiambiwa hivyo, mnamleta nani? Fundi? Thubutu. Muoka mikate alikwenda kumchukua mshenga wake, yule aliyempelekea posa ukweni na kuwalainisha wakwe wagumu mpaka wakacheka.

Mshenga akaja amevaa koti. Akasimama mbele ya kirikuu, akakohoa kidogo. "Ndugu zangu, hatukuja kwa ubaya. Tumekuja na binti yetu, ameumia."

"Mzee," akasema mthamini wa bima, "mimi nimekuja kuona gari."

Mshenga hakujali. Akapanda bei, akashuka, akapunguza hiki, akasamehe kile, kama wanavyofanya kwenye mahari. "Basi tukutane katikati ya bei zetu," akasema, na muoka mikate akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa amechoka. Mthamini akakataa kuvuka nusu yake. Ikabidi aitwe mwamuzi.

Akaja mama mmoja, mkaguzi mstaafu wa magari. Akatandika gunia chini, akajilaza, akaingia uvunguni mwa kirikuu. Mshenga akaanza kuihutubia ile miguu iliyobaki nje: "Mama yetu, kama ilivyo desturi..."

"Mzee, hebu nishikie tochi."

Akatoka ana vumbi mpaka kwenye nyusi. "Chesisi imepinda. Huu ndio uti wa mgongo wa gari. Gereji hawakuiandika, bima hawakuiandika. Nani hapa alikuwa tayari kukutana katikati?"

Mshenga akazima tochi.

"Mngenyoosha bodi, mkapaka rangi, gari likapendeza. Halafu siku moja kwenye mteremko, limejaa mikate, lingemshinda baba huyu. Bima mtalipa chesisi, yote."

Mnaona furaha ya mtu? Muoka mikate alitamani kumkumbatia mama wa watu na vumbi lake. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Akazunguka mpaka mbele, akaweka kiganja kwenye mlango wa dereva.

"Na hili bonyeo?"

"Ajali ile ile, mama," akawahi mshenga. "Mshtuko ulisambaa."

"Nimemuuliza mwenye gari."

Muoka mikate akatamani mama arudi uvunguni, aendelee kuona chesisi. Mshenga akamkonyeza. Muoka mikate akamgeukia mama. Akasema, "Hilo ni geti langu mwenyewe. Nililigonga mwaka jana."

"Rangi ya geti nimeiona. Mlango nautoa kwenye hesabu. Chesisi inabaki." Wakatia saini pande zote mbili, na kirikuu kikarudi barabarani kimenyooka.

Mshenga alinuna njia nzima. "Bwana harusi wangu, umenivua nguo mbele za watu."

"Mshenga, wewe ulitaka kuniozesha gari lenye mgongo uliopinda."

Sasa sisi. Tunapogombana na jirani, na wifi, na mwenzetu wa kwaya, tunapiga magoti: Bwana, wewe utaamua. Vizuri. Ila tunataka aingie uvunguni kwa mwenzetu tu, na kwetu atusikilize mdomoni. Je, kuna jicho la namna hiyo? Jicho lililoona chesisi ndilo lililoona mlango. Ukilifumba lisione geti lako, umelifumba lisione haki yako, na utaondoka na nusu uliyopatanishiwa na mpambe wako, ukiteremka mlima na mgongo uliopinda, umepakwa rangi.

Mimi simwogopi Mwamuzi huyo. Ametuona tulipoumia, hata pale ambapo sisi wenyewe hatukujua kupalalamikia. Basi atakapoweka kiganja kwenye mlango wako na kuuliza, usimtazame mshenga. Jibu wewe.