Mize na Kipimo cha Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Wallahi, billahi, tallahi, kila neno hapa ni kweli, na anayebisha ainuke aende kwao. Zimwi hilo nimeligusa kidole cha mguu kwa mkono wangu huu. Kilikuwa kikubwa kama kinu.

Basi hapo kale alikuwapo Mize, msuka mikeka. Siku moja mumewe, Faki, akaenda kukata ukindu, majani ya kusukia mikeka, kwenye msitu wa zimwi. Zimwi likamtia guniani, likafunga mdomo wa gunia kwa ndevu zake.

Mize akalifuata, akaomba arudishiwe mume. Zimwi likatandika mkeka mraba, pande zote sawa. Likakata ukili mmoja, ule utepe uliosukwa, urefu wa upande, na mwingine urefu wa mshazari, pembe hadi pembe.

"Nitafutie kipande kimoja kinachopima kili zote mbili bila kubaki kitu," likasema. "Au niambie hakipo. Ukikosea, nammeza."

Mize akaona kazi rahisi. Wasukaji wa kwao hufanya hivyo kila siku: ukili mfupi unapima mrefu, kinachobaki kinapima ule mfupi, hivyo hivyo hadi kisibaki kitu, na kipande cha mwisho ndicho kipimo. Juzi tu, shibiri tatu kwa mbili zilimpa kipande cha shibiri moja kabla chai haijachemka.

Basi akapima. Ule mfupi ukaingia kwenye mrefu mara moja, kikabaki kipande. Hicho kikaingia kwenye ule mfupi mara mbili, kikabaki kipande. Hicho nacho kikaingia kwenye mwenziwe wa kabla yake mara mbili, kikabaki kipande. Na hicho tena, mara mbili, kikabaki kipande.

Kipande kikawa kama ukucha, kikawa kama kope ya sisimizi. Akadhani mkono wake umekosea. Akaanza upya mara tatu, na mara zote tatu ikawa vilevile.

"Mke wangu, sema kipo, bado kidogo tu," Faki akamwambia kutoka guniani. "Humu mnanuka beberu."

"Nyamaza, baba, unanichanganya."

Basi Mize akaviweka vipande chini, akawaza lile linalojirudia.

"Hakipo," akasema.

"Hujafika mwisho. Umejuaje?" zimwi likauliza.

"Kila kinachobaki kinafanya kama cha kabla yake: mara mbili, na kipande. Kile cha kwanza kilichobaki kifanye upande wa mkeka mdogo; ukikitoa mara moja kwenye ukili mfupi, unapata mshazari wa mkeka huo huo, basi kazi inaanza upya, ndogo tu. Na mkeka huo nao utafanya hivyo hivyo. Sasa mwisho utatoka wapi?"

Zimwi likahesabu kwa vidole vyake arobaini, likapotea, likarudia, likapotea tena. Kisha likaketi likalia. Kumbe lenyewe lilikuwa likikitafuta kipande hicho tangu utotoni, na kila aliyeliambia "bado kidogo" lilimmeza. Likafungua ndevu. Faki akatoka, wakaenda zao nyumbani.

Yangu yamekomea hapo. Nanyi mjue, kuna namba unazoweza kuzisema kwa mafungu, kama nusu na theluthi, na kuna zisizokubali fungu lolote, kama ile ya mara ngapi upande unaingia kwenye mshazari, hata ugawe mpaka uzeeke. Ukikutana na hizo, sema hakipo, usiseme bado kidogo.

Na nawaombeni, asiirudie mtu hadithi hii popote. Zimwi bado linaona haya.